Chai Kwenye Veranda ya Norfolk

Anwani ya Hoteli ya Norfolk ni Barabara ya Harry Thuku. Ukishapita getini na kukaguliwa mkoba, ukaomba kiti cha mbele chenye upepo na cha kutazama barabara, utaelekezwa kwenye mgahawa ambao kwa miaka mingi umejulikana kama Lord Delamere Terrace. Yaani nje ni Thuku, ndani ni Delamere. Wawili hao waliishi Nairobi moja, miaka ileile, na sheria na desturi za mji ule zilihakikisha kwamba kama wangekutana kwenye veranda hii, mmoja angekuwa ameketi na mwingine amebeba sinia.

Kuna watu wamepita hapo kwa matatu maisha yao yote bila kuliona hilo. Siwalaumu. Barabara yenyewe ni fupi, na ukiwa unaenda chuo au unakimbilia kazi Westlands huna muda wa kusoma vibao.

Mimi nililisoma kibao hicho vizuri kwa sababu ya dada yangu mkubwa. Mwaka jana alifikisha miaka arobaini, na badala ya kuchinja mbuzi na kuita ukoo mzima, akasema anataka kulala hoteli ya maana usiku mmoja, akandwe mgongo, na asipikie mtu chai asubuhi. Shemeji alikuwa safarini, basi nikachaguliwa mimi kumsindikiza. Pesa aliyolipa kwa usiku ule ingelipa kodi ya bedsita yangu miezi miwili. Nilimwambia hivyo. Akaniambia, "Wewe nyamaza, oga, tushuke."

Na nisikudanganye, raha ni raha. Unapewa joho jeupe zito, unaletewa maji yenye vipande vya tango, unalala kifudifudi na uso wako umeingia kwenye tundu la kitanda kama gari lililo juu ya shimo la mekanika. Mama aliyemkanda dada alimgusa mabega mara moja tu akauliza, "Dada, huu mgongo umebeba nani?" Dada akajibu bila kuinua kichwa: "Watoto watatu na chama." Wakacheka wote wawili. Nje kuna bustani yenye miti mizee, kidimbwi cha kuogelea, na mikokoteni na magari ya zamani yaliyowekwa kwa pambo, ili usisahau kwamba umelala mahali pa kihistoria.

Hapo ndipo bei inapopandia. Kukandwa kwa mafuta unaweza kukandwa hata Rongai, na pengine mikono ikawa mizuri zaidi. Hoteli ya namna hii inakuuzia mwaka. Mwaka wenyewe ni 1904.

Reli kutoka Mombasa ilifika kwenye kinamasi ambacho Wamaasai waliita Enkare Nairobi, maji baridi, mwaka 1899. Ilikuwa imegharimu serikali ya Uingereza zaidi ya pauni milioni tano, na wabunge wa London walitaka kujua nani atazilipa. Jibu la kamishna wa wakati ule, Charles Eliot, lilikuwa kuleta wazungu wakulima kutoka Uingereza na Afrika Kusini, wapewe ardhi ya nyanda za juu, walime, na mazao yao yajaze mabehewa. Wakaja. Lakini kupewa shamba hakukuwa jambo la siku moja. Ilibidi kungoja wapimaji wa ardhi, kungoja karatasi, kungoja afisa arudi safari. Wasio na pesa walipiga mahema pembeni mwa mji, kambi ambayo watani waliipachika jina la Tentfontein. Wenye pesa walihitaji kitanda, bafu na bilauri ya wiski.

Kwa hiyo siku ya Krismasi 1904, Meja Ringer na mwenzake Winearls wakafungua Norfolk. Agosti ya mwaka huohuo Wamaasai walikuwa wametia dole gumba kwenye mkataba uliowaondoa katika malisho yao ya Bonde la Ufa. Habari hizi mbili huwezi kuzikuta kwenye ukurasa mmoja. Ya kwanza iko kwenye brosha za utalii na ya pili iko kwenye vitabu vya sheria ya ardhi, ilhali ni habari moja: wageni waliokuja kulala hapa walikuwa wakingoja kugawiwa mahali ambapo wenyewe wametoka kuhamishwa.

Mgeni mkubwa kuliko wote alikuwa Hugh Cholmondeley, Lord Delamere wa tatu. Mwaka 1903 alikuwa amepewa ekari 100,000 kule Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Kuna visa vingi juu ya vurugu zake akija mjini. Farasi aliyeingizwa hadi chumba cha kulia, taa za barabarani zilizopigwa risasi kwa mzaha. Wateja wenye vyeo vya kikabaila walikuwa wengi kiasi kwamba hoteli ikabandikwa jina la House of Lords, kama lile baraza la makabaila la London. Visa hivi husimuliwa hadi leo kwa kicheko, kana kwamba ni wajomba wetu walevi. Mimi nikivisikia huwa najiuliza swali dogo tu la kiutendaji: asubuhi yake nani alifagia vioo?

Mwaka 1909 akaja Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, na mwanawe Kermit. Norfolk hulitumia jina lake mpaka kesho. Msafara wake ulikuwa na wapagazi zaidi ya 200 na tani nne za chumvi ya kukaushia ngozi, na ulikusanya wanyama zaidi ya 11,000 kuanzia wadudu hadi ndovu, wengi wakapelekwa jumba la makumbusho la Smithsonian. Ndiyo safari iliyofundisha matajiri wa dunia neno letu "safari" kwa maana ya kuwinda, na Norfolk ikawa mahali pake pa kuanzia. Mabwana walijipanga mbele ya hoteli, wapagazi nyuma wakiwa na mizigo kichwani, kisha wakatoka.

Namwonea huruma kidogo mtu mmoja katika hadithi hii ya mwanzo, Abraham Block. Huyu hakuwa kabaila. Alikuwa Myahudi aliyezaliwa Lithuania, akafika hapa mwaka 1903 akitokea Afrika Kusini, mfukoni hana kitu cha maana. Inasimuliwa kwamba aligundua vitanda vya hoteli havina magodoro, akakata nyasi, akazikausha, akashona magodoro na kumuuzia Ringer. Mwaka 1927 aliinunua hoteli yenyewe. Miaka 20 baadaye akaongeza New Stanley. Hiyo ni hadithi ya hustler kabisa, na sioni haya kuipenda. Ila hata hustle ilikuwa na rangi yake: Mwafrika angeshona magodoro bora kuliko ya Block na bado asingeruhusiwa kulalia hata moja.

Sasa tuje kwenye Machi 1922, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nishindwe kulala kwenye kile kitanda kizuri.

Harry Thuku alikuwa kijana wa Kiambu, hajafika miaka 30. Alianza kama mpanga herufi kwenye gazeti la walowezi, The Leader, kazi iliyompa nafasi ya kusoma wazungu wanasema nini juu ya watu wake kabla hata wino haujakauka. Halafu akawa mwendesha simu kwenye ofisi ya Hazina. Fikiria hiyo CV: jamaa amesoma magazeti yao na amesikiliza simu zao. Vijana wa namna yake, makarani wenye Kiingereza na kola safi, ndio waliokuwa hatari kwa serikali kuliko mwenye mkuki.

Mambo yaliyomkera yalikuwa wazi. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande, karatasi yenye alama za vidole na rekodi ya mwajiri wake, ndani ya kijikasha cha chuma kilichoning'inia shingoni. Kodi ya nyumba ikapandishwa hadi shilingi 16. Mwaka 1921, bei za mazao zilipoanguka duniani, walowezi wakakubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Na wanawake na wasichana walikuwa wakitolewa vijijini kwa nguvu kwenda kufanya kazi barabarani na mashambani. Hili la mwisho lina uzito katika kisa chetu, likumbuke.

Thuku akaanzisha Young Kikuyu Association, halafu upesi akaona kwamba jina hilo ni dogo kwa Nairobi. Mji ulikuwa na Wakamba, Waganda, Waswahili wa Pangani na Pumwani, Waluo. Chama kikawa East African Association. Julai 1921 baada ya mkutano mkubwa alipeleka simu ya maandishi London moja kwa moja, akiwaruka machifu na gavana, na akasema humo kwamba Wahindi ni marafiki wa Waafrika. Walowezi walikuwa wakigombana na Wahindi juu ya kura na ardhi, kwa hiyo simu ile iliwachoma mara mbili.

Akakamatwa usiku wa Jumanne, Machi 14, 1922. Akawekwa kwenye kituo cha polisi kilichokuwa hapo ambapo sasa pana Central. Ndiyo, Central hiyohiyo unayoijua. Kutoka hapo hadi Norfolk ni mwendo wa dakika chache tu.

Kesho yake mgomo ukaitishwa. Watumishi wa majumbani, vibarua na makarani wakaacha kazi, wakaenda kukaa mbele ya kituo. Wengine walilala hapohapo. Kufikia Alhamisi, Machi 16, umati ulikuwa wa watu 7,000 au 8,000, katika mji ambao haukuwa mkubwa. Wajumbe wakachaguliwa kwenda kumwona katibu wa koloni, Charles Bowring. Akawaambia Thuku hatadhurika, atapewa nafasi ya kusikilizwa, nyinyi nendeni mkawaambie watu warudi nyumbani. Wajumbe wakarudi na ujumbe huo. Baadhi ya wanaume wakaanza kuondoka.

Kina mama walikataa. Walikuwa wamesikia mengi kwa miaka ile, na wao ndio waliokuwa wakitolewa kwenda kulimishwa barabara. Mmoja wao, Mary Muthoni Nyanjiru, mzaliwa wa Weithaga, Murang'a, akasimama mbele ya umati, akainua nguo yake juu ya mabega na kuwaambia wanaume waichukue hiyo waivae, wampe yeye suruali zao, kwa kuwa wameogopa na kiongozi wao yumo mle ndani. Kwa Wagikuyu, mwanamke mtu mzima kujivua mbele ya watu ni laana, silaha ya mwisho. Wenzake wakapiga vigelegele. Umati ukasonga mbele kuelekea lango, hadi ncha za bunduki zikawa vifuani mwao.

Polisi wakafyatua risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka.

Walioshika bunduki hizo walikuwa askari Waafrika chini ya maafisa wazungu. Lakini hawakuwa peke yao. Kwenye veranda ya Norfolk walikuwapo walowezi wakinywa vinywaji vyao vya mchana, wakiutazama umati kwa nyuma, na wengi wao walizoea kutembea na silaha. Thuku mwenyewe, katika tawasifu yake iliyotoka mwaka 1970, alisema kwamba risasi zilipoanza, nao wakaanza kufyatua, na kwamba wengi wa waliokufa ni wa mikono yao. Wazee waliokuwa kwenye umati walisimulia vivyo hivyo. Watu waliokuwa wakikimbia kituo walikuwa wakiikimbilia veranda.

Serikali ilisema waliokufa ni 21, wanne wao wanawake. Hesabu za Waafrika waliobeba na kuzika zilipita 50, na wapo waliotaja zaidi ya 100. Hakuna mlowezi aliyefikishwa mahakamani kwa risasi za siku ile. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu bila kesi, na akakaa mbali na kwao karibu miaka tisa. Kodi ilishushwa kidogo mwaka huo, hadi shilingi 12. Wanawake wakatunga wimbo juu ya Nyanjiru na wenzake, Kanyegenũri, serikali ikaupiga marufuku.

Nilikuwa nimeyasoma haya shuleni, si ati ni siri. Mistari minne kwenye kitabu cha historia cha sekondari: jina, tarehe, "watu kadhaa waliuawa". Kitabu hakikutaja veranda. Na ukiisoma ile historia fupi ambayo hoteli kongwe hupenda kujiandikia kila mahali duniani, utapata wafalme, waandishi, marais na farasi waliopanda ngazi. Damu iliyomwagika mbele ya lango haikai vizuri karibu na menyu ya keki.

Hapo ndipo mimi na dada tulikosana kidogo, kwa sauti ya chini, kwenye meza ya chai. Mimi nilisema kuketi pale ni kama kuketi juu ya kaburi. Yeye, ambaye ni mhasibu na hana muda wa mashairi yangu, akasema, "Sasa ulitaka wapabomoe wajenge mall? Angalau ukikaa hapa unaweza kunionyesha walisimama wapi." Halafu akamwita mhudumu, kijana mpole sana mwenye fulana nyeusi, akamuuliza kama anajua mambo ya 1922. Kijana akaangalia pembeni kidogo, akasema, "Najua, madam. Nyanya yangu alikuwa anaimba." Akatuongezea maji ya moto. Hakusema zaidi, na hatukumbana. Alikuwa kazini.

Nimelifikiria sana jibu la dada na naona ana haki kuliko mimi. Mji wetu hubomoa haraka. Nyumba za zamani za Pangani na Ngara zimeondoka bila hata picha, na pamoja nazo mahali ambapo watu kama Thuku walifanyia mikutano. Zilizobaki zikatunzwa ni zile za wenye nguvu, kwa sababu zilijengwa kwa mawe na zilikuwa na wamiliki wenye bima. Ndiyo maana mtu anayetaka kugusa ukuta uliosikia risasi za 1922 analazimika kulipia chumba cha kitalii au angalau chungu cha chai. Ningependa kuwe na njia ya bei nafuu zaidi. Lakini ukuta ukiondoka, hata hilo halitakuwepo.

Ingawa hata neno "ukuta uliosikia" lina tatizo lake, kwa sababu sehemu ya Norfolk haina umri inayojisifia. Usiku wa Desemba 31, 1980, watu wakiwa kwenye chakula cha kufunga mwaka, bomu lililotegwa kwenye chumba kimoja lililipuka na kuangusha upande mmoja wa hoteli. Watu wapatao 20 walikufa na zaidi ya 80 wakajeruhiwa, Wakenya na wageni. Mshukiwa alikuwa amelala humo kama mteja wa kawaida, na alikuwa ameshapanda ndege kuondoka nchini kabla ya mlipuko. Wengi waliona ni kisasi: Julai 1976 ndege za Israeli zilizokwenda kuokoa mateka Entebbe zilitua Nairobi kujaza mafuta, na hoteli ilikuwa ya ukoo wa Block.

Wakaijenga upya, na wakaijenga ifanane na ya zamani. Nafikiri huu ndio ukarabati katika maana yake halisi. Mbao nyeusi kwenye kuta nyeupe, mtindo wa vijiji vya Uingereza, zilirudishwa kwenye nchi iliyokuwa huru kwa miaka 17, kwa sababu mgeni anayekuja Nairobi alitaka kuiona 1904. Wakati huohuo nje ya geti mambo yalikuwa yameshabadilishwa majina. Delamere Avenue ilikuwa imekuwa Kenyatta Avenue, na sanamu ya lodi iliondolewa mjini wakati wa uhuru ikapelekwa kwenye shamba la familia, Soysambu. Alifukuzwa barabarani akapokelewa kwenye veranda.

Na Thuku aliyepewa barabara si mtu rahisi pia, tusimfanye malaika. Aliporudi kutoka uhamishoni alikuwa amepoa. Aligombana na wenzake wa Kikuyu Central Association, akaanzisha chama cha kuishi kwa amani na serikali, na wakati wa Mau Mau alisimama upande wa kuipinga. Akawa mkulima mkubwa wa kahawa na akafa mwaka 1970. Ukipima maisha yote, mtu aliyelipa bei kamili ni Nyanjiru, aliyekuwa mstari wa mbele kwa dakika chache tu.

Barabara yenyewe haikutulia baada ya hapo. Ng'ambo ya hoteli iko Kenya National Theatre, iliyofunguliwa mwaka 1952, mwaka wa hali ya hatari. Oktoba 1976 The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo ilichezwa humo, na watazamaji wakatoka wakiimba na kucheza pamoja na waigizaji hadi nje. Jirani mwingine ni jumba la utangazaji. Agosti 1, 1982, wanajeshi wa anga walioasi waliiteka Sauti ya Kenya hapo na wakamleta Leonard Mambo Mbotela atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Chuo Kikuu cha Nairobi kiko hapohapo pia, na wanafunzi wa kila kizazi wameijua barabara hii kwa harufu ya gesi ya machozi. Mtu aliyekuwa na chumba cha mbele Norfolk kwa miaka mia moja angeweza kuandika historia ya Kenya bila kuvaa viatu.

Anayeikosa historia hiyo ni yule aliye ndani ya hoteli lakini hana chumba. Mei 2020, corona ilipofunga safari, hoteli ilitangaza kufungwa na wafanyakazi wote wakaandikiwa kwamba ajira zao zimekwisha. Wapo waliokuwa wamefanya kazi humo maisha yao ya utu uzima. Hoteli ikafunguliwa tena baadaye, vitanda vikatandikwa, brosha ikaendelea kuanzia 1904. Nilipomwona yule mama wa spa akifuta mafuta mikononi, nilitaka kumuuliza kama alikuwepo kabla ya barua zile. Nikaona hilo si swali la kumuuliza mtu anayengoja umwachie kitu kidogo.

Asubuhi dada alilala hadi saa tatu, haki yake. Mimi nilishuka mapema nikatoka nje, nikatembea kuelekea University Way. Mama mmoja alikuwa ameshatandika karanga na sigara kando ya njia. Mbele ya Central palikuwa na watu wachache wamesimama na mifuko ya karatasi ya chakula, wakingoja mtu wao. Mahali hapo ndipo Juni 2024 wanasheria na wazazi walipojazana wakiulizia vijana waliokamatwa kwenye maandamano ya Mswada wa Fedha, na ndipo, mwaka mmoja baadaye, kifo cha mahabusu kijana ndani ya kituo kilipowarudisha watu barabarani. Nilimuuliza mama wa karanga kama wale wanaongoja wamekuwepo tangu usiku. "Hao?" akasema, akinifungia za shilingi ishirini. "Wengine hulala hapa."